Maziwa Yakitoka Bandani, Nani Anywe Kwanza?



Likizo za shule zinapokaribia, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi: watoto wapelekwe wapi? Wenye nafasi huwapeleka kwa bibi. Wengine hubaki nao mjini, nao watoto hutazama televisheni tangu asubuhi, hata mama akirudi kazini anakuta vyombo havijaoshwa na ugomvi umejaa sebuleni. Mwezi huu tunawaletea habari za safari fupi tuliyofanya kama familia, ya kulala usiku mmoja kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Masoko, wilaya ya Rungwe. Tulikwenda ili watoto waone maziwa yanatoka wapi. Tuliporudi, sisi wazazi tulikuwa na jambo zito zaidi la kuwaeleza ninyi wenzetu.

Masoko ni wapi?

Kutoka Mbeya unashika barabara ya Kyela, ukiwa na Mlima Rungwe pembeni, mlima wenye urefu wa karibu mita 3,000. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi mpaka Tukuyu, katikati ya migomba, chai na mvua. Tukuyu ni kwenye baridi. Ukiiacha na kuteremka kuelekea Masoko, kiasi cha kilomita 15, sweta unaanza kulivua.

Hapo Masoko lipo ziwa la duara lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Juu yake Wajerumani walikuwa na boma, na wenyeji husimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ya 1914 hadi 1918, Wajerumani walipoona wameshindwa walitupa silaha na sarafu zao humo majini. Watoto wetu waliposikia habari ya sarafu walitaka kuvua viatu papo hapo. Tuliwakataza, maana ziwa la namna hii huwa na kina kirefu karibu sana na ukingo. Nawe ukienda na watoto, uwashike mkono.

Wanyakyusa na ng'ombe ni watu wa nyumba moja tangu zamani, tena si kwa mfano tu. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi katika nchi hii pamoja na mumewe miaka ya 1930, na kitabu chake kiitwacho Good Company kikatoka mwaka 1951, alieleza jinsi ng'ombe walivyolala ndani ya nyumba pamoja na watu. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa heshima na alikuwa maziwa. Siku hizi ng'ombe ana banda lake, naye mara nyingi ni chotara wa Frizani au Jezi, anayeletewa majani hapo hapo. Wengi walianza kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Shirika la Heifer, lililoanza kazi Tanzania mwaka 1974, limeeneza sana utaratibu huo: unapewa mtamba, naye akizaa ndama jike unamkabidhi jirani anayehitaji. Mama aliyetupokea alianza hivyo hivyo. Ndama wake wa kwanza jike yuko kwa mjane wa kijiji cha pili, na sasa mjane huyo naye amekwisha kulipa wake.

Mgeni akapewa panga

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukupewa hata hizo siku mbili. Baada ya salamu na chai ya maziwa, mama mwenyeji aliwaambia watoto wetu, "Haya wanangu, ng'ombe hali maneno." Wakatoka naye kwenda kukata majani ya tembo na majani ya Guatemala yaliyopandwa kwenye kingo za shamba ili yazuie udongo usichukuliwe na mvua. Mkubwa wetu, mwenye miaka 14, alibeba mzigo wake mpaka bandani bila kunung'unika. Nyumbani huyo huyo hubishana kuhusu ndoo moja ya maji.

Maji ndiyo yaliyotushangaza. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa ndoo tatu na zaidi kwa siku, na kukiwa na joto hunywa hata zaidi. Maziwa karibu yote ni maji: katika kila lita kumi, lita nane na zaidi ni maji matupu. Kwa hiyo ng'ombe akikosa maji leo, maziwa hupungua leo hii. Mama yeyote aliyenyonyesha analijua jambo hili mwilini mwake.

Saa kumi na moja jioni ndipo tulipokaribishwa kutazama ukamuaji. Mama alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na kitambaa chake. Matone ya kwanza hakuyatia ndooni. Aliyakamulia kwenye kikombe cheusi akayaangalia. Yakiwa na mabonge au damu, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake hayachanganywi na mengine. Alipomaliza alichovya kila chuchu katika dawa, kisha akampa ng'ombe majani asimame, kwa sababu tundu la chuchu hukaa wazi kwa muda baada ya kukamuliwa, naye akilala chini kwenye uchafu vijidudu huingia. Sisi tulio wauguzi tulitazamana. Wapo watu wenye vyeti wasioosha mikono kwa bidii hiyo.

Ng'ombe wawili walitoa lita kumi jioni ile. Mama aliyachuja kwa kitambaa cheupe. Kisha, kabla hajapima chochote cha kuuza, alichota jagi la lita moja akaliweka kando na kulifunika. Binti yetu akamwuliza, "Bibi, hayo ni ya nani?" Akajibu, "Haya ni ya watoto. Hapa kikombe cha kwanza ni cha mtoto."

Alivyotueleza usiku

Baada ya chakula cha ndizi na maharage, na sala, watoto walilala ndani ya chandarua, maana Masoko ina mbu. Sisi tulibaki jikoni karibu na moto, na huko mama akatusimulia jagi lile lilitoka wapi. Tumepata ruhusa yake kuwaandikia, bila jina.

Miaka michache iliyopita maziwa yote ya nyumba ile yalikuwa yakipelekwa kituoni. Asubuhi yalikwenda, jioni yalikwenda. Soko lipo, kwa kuwa hata kiwanda cha Asas cha Iringa kimekuwa kikinunua maziwa ya Rungwe. Malipo yaliingia kwa jina la baba, naye hakuyanywea pombe. Alilipa ada ya chuo ya mtoto wao wa mwisho. Hakuna aliyeona kosa. Lakini mjukuu waliyemlea, wa mwaka mmoja na nusu, aliyekwisha kuachishwa ziwa, alikuwa akishinda kwa ndizi na chai ya rangi. Alipopelekwa kliniki kupimwa uzito, mstari wa kadi ukawa umelala. Mwezi uliofuata ukalala tena. Wa tatu ukaanza kushuka.

Muuguzi aliuliza, "Nyumbani mna ng'ombe?" Mama akajibu kwa fahari, "Tunao wawili wanaokamuliwa." Muuguzi akauliza tena, "Na mtoto hunywa maziwa kiasi gani kwa siku?" Hapo mama alinyamaza.

Akarudi nyumbani akamweleza mzee. Mzee hakukubali upesi. Alisema mtoto anakula na kushiba, na kwamba kila lita ni hesabu, tena hesabu hiyo ni ada ya baba yake mdogo. Waliongea usiku wa kwanza, wakaongea usiku wa pili. Mama hakupiga kelele wala hakuanza kuficha maziwa chini ya kitanda. Alichukua kadi ya kliniki akaiweka mbele ya mumewe, akamwonyesha mstari kwa kidole. Mwisho wakapatana: maziwa ya asubuhi yaende kituoni kama kawaida, ya jioni yawe chini ya mama. Lita moja ya kwanza ni ya watoto, na kinachobaki huuzwa kwa majirani kwa ajili ya sabuni, chumvi na dawa ya kupe.

Mzee alikuwa ameketi hapo hapo akisikiliza, wala hakumkatiza mkewe. Alituambia tu kwamba mwezi ule wa kwanza aliona uchungu, maana fedha zilipungua kweli, na ada ya muhula ule ilikamilika kwa kuuza mikungu ya ndizi waliyokusudia kuila wenyewe. Baadaye waliongeza kingo za majani na wakaweka birika la maji bandani ili ng'ombe wanywe hata usiku. Maziwa yakaongezeka, pengo likajaa. Lakini walianza kutoa jagi lile kabla pengo halijajaa. Hilo ndilo lililotugusa.

Akina mama, tuseme ukweli. Jambo hili si la Masoko peke yake. Tumeliona kwa mayai, ambayo hukusanywa yote yakauzwe ili kununua soda za wageni. Tumeliona kwa samaki, kwa maharage na kwa maparachichi. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili anaweza kuwa na mtoto mwenye utapiamlo, na hakuna atakayemdhania kwa sababu nyumba ina fedha. Utapiamlo haukai kwa maskini tu. Hukaa pia pale ambapo hakuna aliyeuliza nani anywe kwanza.

Mambo ya kushika

Kwa wenye ng'ombe, na kwa wanaonunua maziwa mlangoni, tunawakumbusha haya.

1. Chemsha maziwa yote mpaka yafure, hata kama ng'ombe ni wako na unamwamini. Kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba huweza kumpata binadamu kwa maziwa mabichi. Ugonjwa huo wa kutupa mimba humletea mtu homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na wengi hudhani ni malaria isiyopona. Homa ikirudi rudi, mweleze mganga kwamba unafuga.

2. Mtindi nao utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana, funika katika chombo safi.

3. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi 6 aongezewe chakula, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kutiwa katika uji wake. Lakini kabla hajatimiza mwaka mmoja yasichukue nafasi ya ziwa la mama, kwa sababu hayana madini ya chuma ya kumtosha.

4. Ng'ombe akitupa mimba, usishike ndama wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na mama mjamzito asikaribie kabisa. Mwite bwana mifugo.

5. Masoko na mabonde mengine ya joto yana kupe, na kupe huleta ndigana kali. Ogesha au nyunyizia dawa kwa ratiba, na uulize kuhusu chanjo.

Na kwa mama anayetaka kuwapeleka watoto wake kulala kwa mfugaji, si lazima iwe Rungwe. Wafugaji wapo karibu na kila mji. Mpatane mapema siku na gharama, kwa uwazi, na fedha apewe mwenye kazi ya kuwapikia. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni na majani ya chai hupokewa kwa furaha. Chukua mabuti ya mpira, tochi na nguo za kuchafuka. Wafundishe watoto wasipite nyuma ya ng'ombe, wasimsogelee dume, na wanawe mikono kila watokapo bandani. Kisha waache wafanye kazi.

Sisi asubuhi ile tuliamshwa saa kumi na moja, giza bado. Watoto walizoa samadi na kuipeleka kwenye migomba, wakafuata keni la maziwa mpaka kituoni, wakaona maziwa yanavyopimwa kwa kipimo cha uzito ili kumbaini aliyetia maji. Wa mwisho wetu, mwenye miaka 6, aliuliza kama aliyetia maji hupelekwa jela. Tulipoaga tulisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nao wakatufungia mkungu wa ndizi tusioweza kuukataa.

Dada mpendwa, jioni ya leo kabla hujapima cha kuuza, iwe ni maziwa, mayai au dagaa, toa kwanza fungu la watoto, ulifunike na kuliweka kando. Kama jambo hilo ni gumu nyumbani kwako, usilifanye kwa siri. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, keti na baba yake, mtazame mstari ule pamoja.