Rivolva za Ulaya na za Marekani: ipi bora, na kwa bei gani?

Vijiweni mtu akitaja bastola, hakosi mwingine wa kudai kwamba kitu cha Ulaya ndicho chuma, cha Marekani ni cha sinema tu. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake. Kwa upande wa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ubishi huu una umri mkubwa kuliko mipaka ya nchi zetu. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makubwa ya London, Mmarekani Samuel Colt alipanga mezani bastola zake zilizotengenezwa kwa mashine. Mwingereza Robert Adams alileta zake, zilizokamilishwa kwa tupa na jicho la fundi. Ya Colt ilisifiwa kwa shabaha ya mbali. Ya Adams ilisifiwa kwa kufyatua haraka, kwa sababu haikuhitaji kuvutwa nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi.

Leo hata kuwatenganisha wawili hao ni kazi. Mwaka 2021 Colt, jina lililobeba historia nzima ya Marekani Magharibi, ilinunuliwa na kampuni ya Czech yenye makao Prague. Smith & Wesson nayo iliwahi kuwa mali ya Waingereza kuanzia mwaka 1987 hadi 2001. Mwaka 2025 kampuni mama ya Beretta ya Italia ilinunua sehemu ya hisa za Ruger, mtengenezaji mwingine mkubwa wa rivolva nchini Marekani. Na zile bastola za kichunga ng'ombe ambazo Wamarekani wenyewe hununua kwa mashindano na maigizo, nyingi hutengenezwa Italia, katika eneo la Gardone Val Trompia. Kwa hiyo anayejivunia chuma cha Mmarekani huenda ameshika kazi ya fundi wa Kitaliano.

Hata hivyo, tofauti ipo, na inaanzia kwenye idadi. Rivolva ya Ulaya inayotajwa kwanza kila mara ni Manurhin MR73 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1973 na kuchukuliwa na GIGN, kikosi maalumu cha jandarma. Vijana wa kikosi hicho walifyatua risasi nzito za magnum mazoezini siku baada ya siku, nao walitaka silaha ambayo haitalegea. Mtutu wake umefuliwa kwa nyundo, uzito wa kifyatulio unarekebishika, na vipande vyake hulinganishwa kwa mkono kimoja kimoja. Korth ya Ujerumani inafuata njia hiyo hiyo. Kazi ya namna hii haitoki kwa maelfu kila mwezi. Ndiyo maana MR73 mpya inauzwa Marekani kwa zaidi ya dola 3,000, na Korth mara nyingi hupanda juu ya hapo.

Mmarekani alichukua njia nyingine. Smith & Wesson ya polisi, iliyoanza mwaka 1899 na baadaye kuitwa Model 10, imetengenezwa kwa takriban milioni sita. Mfanyabiashara yeyote anaelewa maana yake. Bei inashuka, spea zinapatikana, na fundi aliyewahi kufungua moja anaweza kufungua zote. Rivolva mpya ya kawaida ya Ruger au Smith & Wesson hucheza karibu na dola 1,000, wakati mwingine chini. Colt Python, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari yao, ilirudishwa sokoni mwaka 2020 kwa dola 1,499, yaani kama nusu ya bei ya Mfaransa.

Je, anayelipa mara tatu analenga mara tatu zaidi? Hapana. Shabaha ya rivolva inategemea tundu la silinda kukaa sawasawa na mtutu kila inapozunguka, na kifyatulio kuvutika bila kutikisa mkono. Mashine nzuri za Marekani zinatimiza hilo la kwanza vizuri sana. Pesa ya ziada ya Ulaya inanunua hasa hilo la pili, pamoja na uhakika kwamba baada ya maelfu ya risasi nzito hali haitabadilika. Kwa mtu anayefyatua mara chache kwa mwaka, mkono wake mwenyewe utamwangusha kabla chuma hakijamwangusha.

Wala si kila cha Ulaya ni ghali au laini. Nagant, iliyobuniwa Ubelgiji na kutengenezwa Urusi tangu mwishoni mwa karne ya 19, ina ufundi wa ajabu: silinda husogea mbele na kuziba mwanya wake na mtutu ili moshi wa baruti usitoroke. Lakini kwa sababu hiyo kifyatulio chake ni kizito mno, kidole kinapigana nacho na shabaha inapotea. Miaka ya 2000 masalia yake yaliuzwa Marekani kwa chini ya dola 100.

Katika ukanda wetu rivolva ya Ulaya ilifika na utawala. Webley ya Birmingham na Enfield zilikuwa silaha za maofisa wa Kiingereza, na wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, mwaka 1952 hadi 1960, walowezi waliketi mezani na bastola kiunoni. Anayeisifia Webley ya babu leo asisahau kwamba risasi zake za zamani ni adimu. Uingereza kwenyewe, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka 1996, karibu bastola zote za raia zilipigwa marufuku mwaka 1997.

Mfanyabiashara anayebeba fedha taslimu kutoka Rusumo au Kabanga, na mrejeaji anayeogopa usiku kwenye shamba aliloliacha miaka mingi, wana sababu ya kufikiria silaha. Lakini hapa jina la kiwanda halisaidii chochote. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo miongoni mwa nchi nyingine, inataka kila silaha iwe na alama ya mtengenezaji, nchi ilikotoka na namba yake, na ikiingizwa nchini iwekwe alama ya nchi hiyo na mwaka. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Leseni ya nchi moja haivuki mpaka pamoja na mwenye nayo. Anayetaka kuvuka na bastola kihalali huomba kibali kwa mamlaka za nchi anayokwenda kabla ya kuanza safari. Akikutwa nayo chini ya kiti cha lori bila karatasi hiyo, iwe Manurhin ya dola 3,000 au Nagant ya dola 100, kesi ni ile ile, na mzigo uliomo ndani ya lori nao utakaa kituoni.