Kanuni ambayo mwananchi anaweza kuibishia

Fundi mzoefu akiambiwa apunguze moto kidogo, anajua la kufanya. Kompyuta itauliza: kidogo ni nyuzi ngapi? Tatizo ni mantiki tuliyoipa, ile inayotaka kila kauli iwe kweli au uongo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipendekeza mantiki ya fazi, ambamo kitu huwa ndani ya kundi kwa kadiri, kuanzia 0 hadi 1. Maji ya nyuzi 40 yanaweza kuwa ya moto kwa 0.6. Hapo hakuna kubahatisha, maana kipimajoto kimeshasoma. Kinachoyumba ni mpaka wa neno.

Aliyeitoa nadharia hiyo kwenye karatasi ni Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, akifundisha Chuo cha Queen Mary, London. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Assilian walichapisha jaribio la kuongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za aina hii: shinikizo likizidi sana na halishuki, punguza moto sana. Kanuni kadhaa hufanya kazi pamoja, kila moja kwa uzito wake, kisha huchanganywa kuwa amri moja. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa kwa mantiki hiyohiyo.

Wakosoaji huuliza hiyo 0.6 imetoka wapi. Wana haki, ila anayetangaza kwamba nyuzi 38 ni homa na 37.9 si homa naye amekisia, tena kwa kujiamini zaidi. Pingamizi zito ni hili: katika hesabu ya Zadeh, "si" huchukua kinachobaki kufikia 1 na "na" huchukua kadiri iliyo ndogo, hivyo aliye mrefu kwa 0.5 huwa pia "mrefu na si mrefu" kwa 0.5. Akili ya kawaida hailimezi hilo, na sioni jibu la kuridhisha. Mantiki ya fazi imenasa kipande tu cha akili hiyo.

Kipande hicho bado kina thamani. Mifumo ya leo inayojifunza kutoka kwenye marundo ya data ina uwezo mkubwa zaidi, lakini ikimnyima mtu mkopo ni vigumu kuihoji. Mfumo wa kanuni utasema kipato chake ni kidogo kwa 0.7 na deni lake ni kubwa kwa 0.8, naye muuza mitumba ataweza kujibu kwamba kwa biashara ya msimu kama yake, kipato hicho si kidogo hata kidogo.