Wabongo, hebu tuongee kuhusu ubongo

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, zamu za usiku zimenibana na baridi ya Joburg mnaijua mliowahi kupita huku. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Kuna maneno yanazunguka kwenye makundi yetu ya Watanzania hapa Sauzi. Eti wanasayansi wamepiga picha za bongo za wazee wenye afya, weupe, weusi na Walatino, wakakuta tofauti, kwa hiyo imethibitika kwamba ubongo wa mweusi haulingani na wa mzungu. Kinachoniuma ni kwamba wanaosambaza ni weusi wenzetu, wengine na vicheko juu. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba utafiti wote wa aina hiyo ni ubaguzi na upigwe marufuku. Mimi ni nesi mwenye digrii ya uuguzi, nalea wazee kila siku, na nasema pande zote mbili zinakosea.

Tuanze na historia, maana wimbo huu ni wa zamani na uliimbwa jirani kabisa na kwetu. Nairobi, miaka ya 1930, daktari mmoja wa maabara ya serikali ya kikoloni, F.W. Vint, alipima bongo za maiti za Waafrika. Mwaka 1934 akachapisha kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu kwa takriban gramu 150, na tabaka lake la nje ni jembamba. Mwenzake H.L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa mstari wa mbele kwenye chama kilichoundwa Kenya mwaka 1933 cha kutaka "kuboresha" mbari za watu. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama ubongo ni mdogo, shule za nini?

Baadaye akaja J.C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Yeye alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Shirika la Afya Duniani, wadau, siyo gazeti la mtaani! Na mwaka huohuo 1953, hapa Afrika Kusini, bunge la wazungu lilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, iliyompa mtoto mweusi elimu ya chini kwa makusudi.

Jibu la kisayansi lilitoka hapahapa Johannesburg. Phillip Tobias, profesa wa anatomia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwaka 1970 aliandika makala akiuliza kama habari za uzito wa ubongo na rangi ni ukweli au hadithi. Akaorodhesha mambo yanayobadilisha uzito wa ubongo mezani: jinsia, ukubwa wa mwili, umri wa kufa, chakula alichokula mtu utotoni, ugonjwa uliomuua, saa zilizopita tangu afe, joto la chumba, hata mahali kisu kilipokatia uti wa mgongo na kama utando na maji vimeondolewa au la. Huwezi kulinganisha bongo mbili mpaka hayo yote yalingane. Walinganishaji wa zamani hawakuyalinganisha. Mtu aliyekula njaa utotoni na kufa kwa homa ndefu aliwekwa kwenye mzani mmoja na mtu aliyeshiba maisha yake yote!

Sasa tuje kwenye mashine za leo. Tafiti zipo, na nyingine ni nzuri. Mojawapo ilifanyika kaskazini mwa Manhattan, New York, ikachapishwa 2008, ikiwalinganisha wazee weupe, weusi na wenye asili ya Karibiani wanaozungumza Kihispania. Walikuta nini? Ujazo wa ubongo ukilinganishwa na fuvu la mwenyewe ulikuwa mkubwa zaidi kwa weusi na Walatino kuliko kwa weupe. Mmesoma vizuri: mkubwa zaidi. Mbona hilo halisambazwi? Kwa mantiki ya Vint, ingebidi tuwafungie wazungu shule!

Utafiti huohuo ulikuta pia kwamba weusi na Walatino wana madoa meupe mengi zaidi kwenye picha ya ubongo. Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Madoa yale kwa kiasi kikubwa ni makovu ya mishipa midogo ya damu. Yanaletwa na uzee, na presha, na kisukari, na sigara. Rangi ya ngozi haitoboi mshipa. Presha isiyotibiwa miaka 20 inatoboa.

Na neno "wenye afya" lisiwadanganye. Kwenye tafiti nyingi lina maana kwamba mtu hajapata kiharusi na hana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uliogunduliwa. Presha haipigi hodi. Nimewafungia mkanda wa presha wazee waliosema hawajawahi kuumwa hata kichwa, mashine ikasoma namba za kutisha. Mzee kama huyo akiingizwa kwenye utafiti ataandikwa "mwenye afya, mweusi", na kovu lake la presha litaandikwa kwenye hesabu ya rangi.

Tena huyo "mweusi" ni nani? Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Mzulu, Myoruba, Mchaga na Mmarekani mweusi wa New York unawaweka kapu moja kwa kigezo gani? Watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na weusi wa Indianapolis, Marekani, kwa kutumia vipimo vilevile. Matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha wagonjwa wapya wa kupoteza kumbukumbu kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na 3.24 Indianapolis. Wote ni weusi, tofauti ni zaidi ya mara mbili. Kama rangi ndiyo sababu, nielezeni hiyo.

Sasa mtaniuliza, dada, haya yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na vibali na kodi ya nyumba? Yanatuhusu sana. Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika sana duniani, cha alama 30, kilitungwa Marekani mwaka 1975. Mzee anaambiwa atoe saba kwenye mia, atoe tena, atoe tena. Aandike sentensi. Anakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopandana. Akipata chini ya 24 anaanza kutiliwa shaka. Niliwahi kumhudumia gogo mmoja wa Soweto aliyepata alama mbaya sana. Shule aliishia darasa la pili, enzi za ile sheria niliyoitaja. Lakini huyohuyo ndiye mweka hazina wa stokvel yao, yaani upatu, na alinitajia bila karatasi nani kalipa, nani anadaiwa na tangu mwezi gani. Ubongo huo una kasoro gani? Na mzee akishaandikwa kwenye faili kwamba akili imepungua, jamaa wanaanza kuuliza habari za nyumba na nani ashike kadi yake ya pensheni. Karatasi moja inamtoa mtu kwenye mamlaka ya maisha yake mwenyewe.

Msidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walichapisha makala iliyowapima wanawake 60 wa kundi linaloitwa hapa Coloured, wakatoa hitimisho kuhusu uwezo mdogo wa akili wa kundi zima. Watu walipiga kelele, jarida likaiondoa mwaka huohuo. Na Marekani, wachezaji wawili weusi wa zamani wa mpira wao wa miguu walikwenda mahakamani 2020, kwa sababu fidia ya kuumia ubongo ilikuwa inahesabiwa kwa kudhania kwamba mweusi alianza na akili ndogo, hivyo aliyopoteza ni kidogo. Ligi ilikubali kuacha hesabu hiyo 2021. Vint alishakufa, lakini mzani wake ulikuwa bado ofisini.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka tafiti zisimamishwe. Tukikaa pembeni, picha ya ubongo wa "kawaida" itaendelea kuwa ya mtu wa Ulaya na Marekani, na babu yako atapimwa kwa kanzu ya mtu mwingine. Dawa ni kupima wazee wetu vizuri zaidi. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, madaktari wakishirikiana na KCMC walikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kisha wakatunga kipimo kisichohitaji kalamu: mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo. Mtu ambaye hajashika kalamu amewasha moto maisha yake yote. Hiyo ndiyo sayansi ninayoitaka, na imefanyika kwetu.

Kwa hiyo wadau, mkiletewa tena habari za ubongo wa mweusi, ulizeni: walipimwa presha? Walisoma miaka mingapi? Walikula nini utotoni? Kama hakuna jibu, msisambaze. Na mwisho wa mwezi mkituma hela nyumbani, ongezeni ya kumpeleka mama akapime presha, na dawa akipewa anywe kila siku, hata akijisikia mzima. Madoa ya kwenye picha tunayazuia hivyo.

Wenye maoni karibuni, hasa wenzangu wa wodini. Matusi sitayachapisha.