Maji ya usiku, fedha ya uzeeni

Ukiingia Bangalala, upande wa Makanya wilayani Same, utakuta ndiva. Ni bwawa la kienyeji tu, wala si kubwa. Mfongo huleta maji kutoka mlimani usiku kucha, kidogo kidogo, na asubuhi yanafunguliwa ili mashamba ya chini yamwagiliwe kwa zamu. Wazee wa Upare waliona kwamba mkondo ule mwembamba ukiachwa uende moja kwa moja shambani, udongo unaunywa kabla haujafika kwenye mahindi. Ukikusanywa kwanza, unafika.

Naileta ndiva kwenye tafakari ya leo kwa sababu ya fedha. Makanisani tunafundishwa sana kutoa, na ni vema. Kuhusu kuiacha fedha ikae na kukua tunasikia machache, na pengo hilo wengine wamelijaza. Tunaikumbuka DECI. Uongozini walikuwamo wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya madhabahuni: panda mbegu, uvune maradufu baada ya miezi michache. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Shamba halikuwepo. Aliyevuna mapema alikula mbegu ya aliyechelewa, na mara nyingi wote wawili waliketi benchi moja Jumapili.

Soma tena mfano wa talanta katika Mathayo 25. Tunapenda kuuhubiri kama habari ya karama, lakini mle ndani mna fedha kabisa, na bwana anamwambia yule aliyefukia kwamba angalau angewapa wenye kutoa riba. Tena Mathayo anaeleza kwamba bwana yule alirudi baada ya muda mrefu. Muda huo ndio tunaouruka.

Hebu tuhesabu. Mtu akiweka Sh20,000 kila mwezi kwa miaka 20, anakuwa ameweka Sh4.8 milioni. Zikizaa asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikaachwa nayo izae, atakuta kama Sh15 milioni. Asilimia hiyo ni mfano, si ahadi. Na bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko huja miaka ya mwisho, na ndiyo sababu anayetoa mwaka wa tano hupata kidogo na kusema uwekezaji ni uongo.

Mahali pa kuweka papo. Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza mwaka 2005, na mtu wa kipato kidogo anaweza kununua vipande kidogo kidogo. Hatifungani za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu, zipo hadi za miaka 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka na mtaji hurudi mwishoni. Saccos nayo ni nzuri, ukisoma hesabu zake na si kumwamini mwenyekiti kwa sababu anaimba kwaya.

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miyamba hana mshahara wa mwezi. Fedha yake huja kwa mkupuo, na bei ikiwa nzuri kila mtu anajua, hadi mjomba aliyepotea miaka mitatu. Kwake nashauri atenge fungu wiki ileile ya mauzo: kwanza alipe deni la riba kali, abakize ada na akiba ya ugonjwa, kisha kinachobaki kiende ndivani. Asiingize fedha atakayoihitaji Januari.

Ndiva hujaa tope, na watu hutoka msaragambo kulizoa. Uwekezaji nao unataka kukaguliwa, walau mara moja kwa mwaka: taarifa isomwe, na jina la mrithi kwenye fomu liangaliwe kama bado ndilo. Baba na mama waisome pamoja. Wajane wengi hujua habari za fedha ya marehemu kutoka kwa shemeji, baada ya matanga.