Watoto wa tumbaku Tabora: kamera bila mahojiano haitoshi

MWAKA 1871 huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley zawadi ya mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley alimbadilisha jina, akamwita Kalulu.

Mwaka uliofuata mtoto huyo alikuwa London, amesimamishwa studio kando ya bwana wake, akipigwa picha. Alifariki mwaka 1877 katika maporomoko ya Mto Kongo. Sura yake tunayo hadi leo, lakini katika picha zile hakuna neno lake hata moja.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imekwishabaki historia. Swali la nani ampige picha mtoto, na nani aeleze maana ya picha hiyo, bado ni bichi Tabora, safari hii katika mashamba ya tumbaku.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulibaini kuwa watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, sawa na asilimia 28.8, walikuwa katika utumikishwaji, wengi wao kwenye kilimo. Takwimu hizo ni muhimu, lakini dodoso lina mipaka yake. Mzazi wa Urambo, Kaliua au Sikonge akiulizwa kama mwanawe anafanya kazi, anaweza kujibu kuwa anasaidia tu nyumbani. Wala hasemi uongo: kwake yeye, kufunga majani kwenye vijiti kabla ya kuyaingiza kwenye bani ni sehemu ya malezi.

Ipo njia nyingine, ya kumkabidhi mtoto kamera na kisha kuketi naye aeleze alichokipiga. Njia hiyo ilipata umaarufu miaka ya 1990, pale Caroline Wang na Mary Ann Burris walipowapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China.

Karibu na sisi, huko Bondo, magharibi mwa Kenya, Morten Skovdal na wenzake waliitumia kwa watoto 48 waliokuwa wakiwahudumia wazazi na walezi wagonjwa au wazee. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliwaonyesha watoto hao wakitafuta kipato, wakijenga uhusiano na watu wa kuwasaidia na kujiona kuwa wenye uwezo. Mgeni aliyekwenda kutafuta wahanga tu asingeyaona hayo.

Hata hivyo, picha peke yake hudanganya. Tuseme mtoto wa Urambo apige picha ya bani usiku. Mtazamaji ataona moto. Ni mahojiano yatakayoeleza nani aliuchochea hadi alfajiri, na kesho yake shuleni ilikuwaje. Hatari nyingine haipigiki picha kabisa: nikotini ya majani mabichi yenye unyevu hupenya kwenye ngozi, na mchumaji hupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Bila kumuuliza mtoto, hilo litaitwa malaria.

Kuna la kuogopa pia. Picha ya mtoto shambani inaweza kugeuka ushahidi dhidi ya baba yake, ilhali bei ya tumbaku na mkopo wa pembejeo, vinavyomfanya ashindwe kuajiri vibarua, havimo katika picha. Mtafiti akiondoka na picha hiyo bila maelezo, atakuwa ameiumiza familia aliyokuja kuisemea.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kwa mtazamo wa safu hii, saini ya mzazi au ya mtendaji wa kijiji haitoshi. Mtoto mwenyewe aulizwe, aruhusiwe kuifuta picha hata baada ya wiki mbili, na sura zisitambulike. Nakala zibaki kijijini, na maelezo yasomwe kwa watoto walioyatoa kabla hayajapelekwa Dodoma au Geneva.