Umeshuka Malindi, Hujaiona Unguja

Nianze na sisi wenyewe, maana kuwasema watalii wa Ulaya ni kazi rahisi, kila mtu anaiweza. Nawasema Wabara wenzangu, hasa sisi tunaojiita wapenzi wa vitabu. Boti ikifunga gati Malindi tunashuka mbio, simu mkononi, tunatafuta gari ya Nungwi. Siku mbili baadaye tunarudi Dar na picha hamsini za bahari na pakiti ya mdalasini. Ukituuliza tumeona nini, jibu ni "Zanzibar pazuri bana". Basi, imeisha hiyo.

Bandari hiyo tunayoikanyaga kwa haraka ndiyo ya *Kuli*. Shafi Adam Shafi aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1979, na kiini chake ni mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Wengi wetu pia tulisoma *Vuta N'kuvute* kidato cha tano na sita, tukakariri dhamira na ujumbe, tukapata alama zetu. Halafu tunapita ndani ya kitabu chenyewe, kimejengwa kwa mawe na chokaa, na hatukijui.

Mimi nilikwenda Unguja mara tatu kabla akili haijanikaa sawa. Mara ya nne nilibeba *Vuta N'kuvute* kwenye begi. Yasmin anamkimbia Raza, mume mzee aliyeozwa, na anaishia kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Darasani nilidhani hiyo ni safari ndefu. Nikaitembea kwa miguu, kutoka vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka ng'ambo ya barabara ya Darajani, pale palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa. Ni mwendo mfupi mno! Kumbe Yasmin hakukimbilia mbali. Alihamia mahali ambapo kila aliyemfahamu angeweza kumwona. Fedheha yote ya kitabu imo katika ufupi wa njia ile, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Yule kijana niliyemlipa anitembeze aligeukia Darajani. "Huko hakuna kitu," akasema. Hakuna kitu! Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo ni kama nusu nyingine ya mji imefutwa kwenye ramani ya mgeni. Huko "hakuna kitu" ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Huko ndiko yalikosimama majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Simlaumu sana kijana yule, anauza kinachonunuliwa. Freddie Mercury, aliyezaliwa hapo mwaka 1946, amefunguliwa makumbusho yake Shangani mwaka 2019, na sina ugomvi naye, namsikiliza sana. Ila nilipouliza juu ya Gurnah, miaka michache tu baada ya Nobeli ya 2021, nikaoneshwa mlango wenye misumari ya shaba.

Na sisi je? Siku ile ya Nobeli tulijaza mitandao kwa fahari. *Paradise* ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka kwa jina la *Peponi* mwaka 2022. Wangapi kati ya tuliopiga vigelegele tumeibeba kwenye boti? Najua hoja zenu. Likizo ni ya kupumzika, mtu amechoka na ofisi. Sawa, lakini kusoma kurasa ishirini kwenye kivuli cha Forodhani si kazi ya ofisi. Hela je? Nakala yangu ya *Kuli* niliinunua kwa bei isiyofika hata nusu ya nauli ya boti.

Hoja yenye uzito ni moja: kwamba sanaa imegeuzwa bidhaa ya mgeni. Hiyo nakubali. Nimekaa kwenye hoteli ambapo taarabu ilipigwa nusu saa, chinichini, ili isiwasumbue wanaokula pweza. Hakuna aliyenyanyuka kutunza. Ikhwan Safaa wameanza mwaka 1905, wamepita masultani, Waingereza na Mapinduzi, na muziki wa aina hiyo leo unawekwa pamoja na saladi.

Lakini hapo ndipo hasira yangu inarudi kwetu. Mgeni wa Sweden anasikia udi, fidla na ganuni, na anaondoka ameridhika kwa sababu hicho ndicho anachoweza kukisikia. Sisi tunasikia maneno. Tunajua nani anapigwa kijembe, kwa nini yule mama kasubiri ubeti ule ule ndipo anyanyuke na noti yake, kwa nini meza ya pili wamenuna. Taarabu yenyewe ni hiyo, na tiketi yake ni lugha tuliyozaliwa nayo. Tukiacha kuingia, nani atamwambia mwimbaji kwamba fumbo lake limefika? Ataacha kulitunga. Atabaki na nyimbo tatu zile ambazo hoteli inazitaka kila usiku.

Maduka matatu niliyoingia safari ile hayakuwa na riwaya hata moja ya Kiswahili. Yalikuwa na kanga, vinyago, picha za Tingatinga, na vitabu vya picha kwa Kiingereza. Muuzaji wa duka la tatu, mtu wa makamo, aliniuliza natafuta nini hasa. Nikamtajia. Akacheka, akasema aliisoma skuli na bado anamkumbuka Denge, tukakaa barazani mpaka adhana ya alasiri tukibishana kama Yasmin alimpenda Denge kweli au alipenda uhuru aliouona kwake. Yeye anasema uhuru. Nakwenda tena mwezi ujao, na jibu langu nimeshalipata ukurasani.