Bata mzamiaji na mpaka wa Busia: Yuko salama kwenye orodha ya dunia, maji yanampungukia mpakani

Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, lori la mizigo hukaguliwa mara moja tu, maofisa wa Kenya na wa Uganda wakiwa mahali pamoja. Mpangilio huo umepunguza foleni na kuwaokolea madereva siku nzima za kungoja. Kusini ya mji huo huo, Mto Sio unapita katikati ya mafunjo na kuwa mpaka wa nchi mbili hadi unapoingia Ziwa Victoria. Huko hakuna kituo cha pamoja. Kila serikali ina ukingo wake, na ndege wanaotumia kingo zote mbili wanasimamiwa na nchi ambayo wametua kwa saa ile.

Miongoni mwao ni bata mzamiaji mwenye jicho jekundu, ambaye wanasayansi humwita Netta erythrophthalma. Dume ni wa rangi ya kahawia iliyokolea hata kukaribia weusi, na jike ana alama nyeupe usoni inayopinda kama mwezi mwandamo. Tofauti na bata pori wengine wanaoinamisha kichwa tu majini, huyu huzama mwili mzima kutafuta mbegu na mizizi ya mimea ya majini, yakiwemo mayungiyungi. Barani Afrika makazi yake yanaenea kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ndani ya eneo hilo huhamahama kwa kufuata mvua na ukame. Yeye hasafiri kutoka Ulaya kama binamu zake, bali ni mhamiaji wa ndani ya Afrika. Nchini Kenya anafahamika zaidi katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Naivasha. Eneo la Busia na Tororo liko magharibi ya ngome hiyo, na kwa ndege anayehama eneo la kupitia lina thamani sawa na eneo la kufikia.

Katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, bata huyu yumo katika kundi la viumbe wasiotia wasiwasi mkubwa. Hilo ndilo daraja la chini kabisa la tahadhari. Baadhi ya jamaa zake hawana bahati hiyo. Bata mzamiaji wa kawaida wa Ulaya na Asia, ambaye wachache miongoni mwao hufika Afrika Mashariki majira ya baridi ya kaskazini, alipandishwa mwaka 2015 hadi kundi la walio katika mazingira hatarishi. Bata mwekundu-kahawia, Aythya nyroca, ambaye dume lake lina jicho jeupe, yuko karibu kuhesabiwa hatarini. Bata makoa wa Afrika, mwenye mdomo wa samawati na mkia mgumu uliosimama, tayari amewekwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Jamaa hawa wote wanaishi kwa namna inayofanana: wanahitaji maji yenye kina na uwazi.

Daraja hilo la usalama lina kasoro moja kubwa. Limepimwa kwa ukubwa wa dunia nzima, ilhali makazi ya bata hupotea dimbwi kwa dimbwi. Ndege anayeenea kutoka nyanda za juu za Ethiopia hadi Rasi ya Tumaini Jema anaweza kutoweka katika wilaya kumi bila daraja lake kubadilika. Ofisa wa mazingira wa Tororo au wa Kaunti ya Busia akifungua orodha hiyo, hatakuta sababu yoyote ya kumshughulisha. Ndiyo maana hoja ya msingi si iwapo bata huyu atatoweka duniani, bali iwapo maji ya mpakani yataendelea kuwa ya aina anayoweza kuyatumia.

Jibu linategemea sana mpunga. Upande wa Uganda, miradi ya Doho na Kibimba iligeuza mabonde ya kinamasi kuwa majaruba tangu miaka ya 1970. Doho iko Butaleja, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 2005, na inanyweshwa na Mto Manafwa unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Kibimba iko Bugiri, kando ya barabara kuu ya Tororo kwenda Jinja. Upande wa Kenya, mradi wa Bunyala unatumia maji ya Mto Nzoia katika tambarare za Budalangi. Miradi hii inalisha watu wengi, na hakuna mhifadhi mwenye busara anayeweza kumwambia mkulima wa Butaleja kwamba mpunga wake ni kosa. Isitoshe, majaruba hayakuwafukuza ndege wote. Doho imeorodheshwa miongoni mwa Maeneo Muhimu ya Ndege, na korongo, yangeyange na bata miluzi hukusanyika humo kwa wingi.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wakiona ndege wengi kwenye mpunga, hudhani kinamasi kimepata mbadala. Lakini maji ya jaruba hayafiki hata magotini. Korongo anaweza kutembea humo, na bata miluzi anaweza kuchuja mbegu kwenye tope, ila bata mzamiaji hana pa kuzama. Hata kuruka kwake ni kwa shida, kwa kuwa jamii hii ya bata hukimbia juu ya maji kabla ya kupaa na huhitaji nafasi ndefu isiyo na mimea. Kwa hiyo eneo lile lile linaweza kuonekana limejaa ndege huku likiwa limemfungia mlango ndege mmoja kabisa. Gugumaji, lililoenea katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, lilifanya jambo kama hilo kwenye ghuba nyingi: maji yapo, lakini yamefunikwa.

Takwimu za Uganda zinaonesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwaka 1994 ardhioevu zilichukua asilimia 15.6 ya nchi. Leo ni takriban asilimia 13, na zile ambazo bado hazijaharibiwa hazifikii asilimia 9. Mashariki mwa nchi, ambako kilimo cha mpunga kilishuka mabondeni mapema, ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Ni jambo la kutia uchungu kwamba nchi hii hii ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa Mkataba wa Ramsar mjini Kampala mwaka 2005, mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika Afrika.

Kwa wale ndege wanaobaki katika majaruba, upo mtego mwingine. Mwaka 2009 na miaka iliyofuata, mtafiti Mkenya Martin Odino alichunguza namna ndege walivyokuwa wakiuawa kwa sumu huko Bunyala. Wawindaji walitumia Furadan, dawa ya wadudu yenye kiambato cha karbofurani. Waliipaka kwenye konokono, wakawafunga korongo hai shambani ili wenzao waone na kutua, kisha wakaokota waliokufa na waliolegea. Nyama hiyo iliuzwa iliwe na watu. Karbofurani hushambulia mfumo wa fahamu, na punje moja inatosha kumuua ndege mdogo. Mwili wa binadamu nao hudhurika kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwa kipimo kikubwa zaidi. Anayenunua ndege wa bei nafuu sokoni hana namna ya kujua amekufaje.

Mwaka huo huo wa 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonesha jinsi dawa hiyo ilivyokuwa ikiwaua simba wa Kenya, kampuni ya FMC iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya na kununua akiba iliyobaki madukani. Kisa cha simba kilipata kamera. Ndege wa Bunyala waliendelea kufa, kwa sababu uchunguzi uliofuata ulikuta sumu bado inatumika. Kuondoa bidhaa katika nchi moja hakuwezi kutosha mahali ambapo nchi ya pili iko mwendo wa dakika chache kwa baiskeli. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Kifurushi kidogo cha dawa hakihitaji hata baiskeli. Mwaka 2017 karbofurani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaozitaka nchi kuarifiana kabla ya kemikali hatari kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Hata hivyo, mkataba huo unahusu meli na makontena, wala si mfuko wa suruali.

Uhamaji wa ndege umewahi kutikisa biashara ya Busia mara moja kwa uzito, na haikuwa kwa ajili ya kuwalinda. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege baada ya ndege pori, wengi wao wadogo weupe wa jamii ya shakwe, kukutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Wafanyabiashara wa mpakani, wengi wao wanawake wenye mitaji midogo, ndio waliobeba hasara. Tangu hapo, anayetaja ndege wahamao katika soko la Busia hutaja ugonjwa. Hali hiyo inafanya kazi ya uhifadhi kuwa ngumu maradufu, na serikali zote mbili hazikujitahidi vya kutosha kueleza kwamba kinamasi chenye afya, ambamo ndege pori hawalazimiki kubanana na bata wa kufugwa kwenye vidimbwi vichache, huwapunguzia wafugaji hatari.

Kisheria, hakuna pengo kubwa. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia, AEWA, mwaka 2000, na Kenya ikafuata mwaka 2001. Bata mwenye jicho jekundu ametajwa ndani yake. Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na Uganda ina yake ya mwaka 2019. Itifaki ya mazingira ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2006. Mpango wa Bonde la Mto Nile nao umeshughulikia ardhioevu ya Sio-Siteko kama eneo moja la nchi mbili, na hiyo ndiyo hatua inayokaribia zaidi uhalisia wa mahali penyewe. Wasamia na Wateso waliogawanywa na mpaka, ambao Waingereza waliusogeza magharibi mwaka 1902, huvua na kukata mafunjo pande zote mbili bila kuuliza mto ni wa nani.

Yanayokosekana ni mambo madogo yenye gharama ndogo. Maduka ya pembejeo ya Busia mbili yanaweza kukaguliwa kwa orodha moja ya dawa zilizokatazwa. Mabwawa ya umwagiliaji yanaweza kuachiwa sehemu yenye kina isiyokaushwa wakati wa kiangazi. Mafuriko ya Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofikia kimo cha rekodi na familia nyingi za Budalangi zikahama makwao, yaliwaletea ndege wazamiaji maji mapana pasipo mtu yeyote kupanga. Kupanga kidogo cha maji hayo bila maafa si jambo lisilowezekana.

Halafu kuna kuhesabu. Kila Januari wanaojitolea katika nchi nyingi za Afrika hushiriki sensa ya kimataifa ya ndege wa majini. Nchini Kenya nguvu nyingi huelekezwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na Uganda ina ratiba na vituo vyake. Katika Mto Sio, ambao bata huuvuka kwa sekunde chache, hesabu ikifanyika Jumamosi ukingo wa Uganda na wiki ya pili yake ukingo wa Kenya, kundi moja linaweza kuandikwa mara mbili au lisiandikwe kabisa. Takwimu hizo hizo ndizo hupelekwa mbali, zikajumlishwa na za bara zima, na zikarudi zikiwa daraja la usalama.